Koti la Dada

Kila alasiri Pilipili aliporudi kutoka shuleni, alivua viatu mlangoni, akaosha vikombe, kisha akaenda chumba cha mbele ambako mama yake alishona nguo za watu. Jina hilo la utani alilipata kwa ulimi wake mkali. Siku hizi, kabla hata hajaamkia, alipokelewa kwa onyo: "Sss! Dada yako anajiandaa."

Dada yake alikuwa mtaalamu wa kompyuta. Kampuni moja ya ng'ambo ilitafuta watu wa kuandika programu, na alibakiza usaili mmoja tu, wa kuonana kupitia kompyuta. Akifaulu, angehamia huko. Majirani walikuja kumpongeza mapema kana kwamba ameshapanda ndege. Hakuna aliyemuuliza Pilipili amekuwa wa ngapi darasani, na alikuwa wa pili!

Hayo angeyavumilia. Kilichomchoma ni kitambaa cha bluu. Mama alimwahidi gauni la siku ya kufunga shule, lakini sasa kitambaa kile kilikuwa koti la dada la kuvaa kwenye usaili.

"Nitakutafutia kingine, mwanangu," mama alisema, pini zikiwa mdomoni.

"Cha bluu?"

"Chochote kitakachopatikana."

Pilipili alitoka bila kuaga, wivu ukimchoma.

Siku ya usaili, mama alipiga marufuku intaneti kwa kila mtu isipokuwa dada. Pilipili alijua sababu, kwani dada mwenyewe alimfundisha: laini ya nyumbani ni moja, na kila kifaa kinachofungua video kinachukua fungu lake. Usaili ulipoanza, alichukua simu ya mama na tableti, akajifungia jikoni, akazima sauti na kufungua video moja baada ya nyingine.

Alimsikia dada chumbani. "Samahani, mnanisikia? Halo? Halo?" Mwanzoni Pilipili alitabasamu. Kisha sauti ya dada ikaanza kutetemeka, halafu kukawa kimya.

Dada alitoka akiwa bado amevaa koti. "Picha iliganda, wakakata," alisema, akaketi sakafuni na kulia. Pilipili alishindwa kumtazama.

Mama alimwita fundi aliyewafungia intaneti. Kijana yule alipima nyaya zote.

"Mama, laini iko sawa kabisa."

"Iko sawa? Mwanangu anakosa kazi, wewe unaniambia iko sawa? Nampigia bosi wako sasa hivi!"

"Tafadhali mama, usiniharibie. Ndiyo kwanza nimeajiriwa."

Mama alikwishaanza kubonyeza namba.

"Usipige, mama," Pilipili alisema. "Ni mimi. Nilifungua video nyingi. Makusudi."

Dada aliinua uso. "Nimekukosea nini, mdogo wangu?"

"Koti," Pilipili alijibu, na papo hapo akaona aibu. "Lilikuwa gauni langu."

Mama alimwomba fundi radhi. Dada aliiandikia kampuni ukweli wote na kuomba nafasi nyingine, ila yeye mwenyewe hakumsemesha Pilipili. Walipokuwa wakisubiri jibu, Pilipili alikula chakula bila kukisikia ladha. Hatimaye kampuni ilikubali.

Safari hii Pilipili aliketi kando ya kisanduku cha intaneti, simu zote za nyumbani zikiwa zimezimwa mapajani mwake. Alisikia dada akiulizwa kama mtandao ni mzuri leo.

"Leo hausumbui," dada alijibu akicheka. "Mdogo wangu ndiye anayeusimamia."

Pilipili aliuma midomo ili asilie.

Dada alifaulu. Habari ilipofika, mama aliweka mkasi chini, akamwita Pilipili.

"Sikulaumu kwa kuona wivu, mwanangu. Nami nilikosea, nilivunja ahadi bila hata kukuuliza. Lakini wivu ukiutuma kazi, unaumiza mpaka watu usiowajua, kama yule fundi. Siku nyingine ukikuchoma, njoo useme. Ulipokiri ndipo sote tulipopona."

"Basi nasema," Pilipili alijibu polepole. "Bado unanichoma kidogo."

Dada aliangua kicheko. Mama naye alicheka, kisha akavuta kitambaa cha kijani kutoka chini ya cherehani.

"Haya, nimesikia. Sasa simama wima nikupime gauni lako."