Mshonaji Aliyenuka Sambaza

Kila Jumapili nikitoka misa, kazi yangu ilikuwa kuosha vyombo vyote vya nyumbani, kuvianika juu ya mawe meusi ya uani, halafu kukimbia. Sikutembea, nilikimbia, kwa sababu Papa Adalbert hakuwa mtu wa kungoja watoto. Saa nane kamili alifunga mlango wa ukumbi wake wa mbao pale mtaani kwetu Katindo, akakaa kando ya skrini na mikrofoni yake, na filamu ikaanza. Rafiki yangu Ange alikuwa ameshanishikia nafasi kwenye benchi la mbele.

Labda ninyi mnatazama filamu zenye maandishi chini. Sisi tulikuwa na Papa Adalbert. Filamu za Kihindi zilifika bila hata neno moja tunaloelewa, na yeye akazisema zote kwa Kiswahili: sauti nzito ya baba mkwe, sauti nyembamba ya bibi harusi, hata mbwa akibweka alibweka naye. Ukimkuta njiani ni mzee wa kawaida, mwenye mvi na sweta moja la kijani mwaka mzima. Lakini akishika mikrofoni, ee Mungu wangu! Nilisahau hata kufumba mdomo. Nilijiuliza mtu amejifunzia wapi Kihindi chote hicho, na nilipomsalimu nilijikuta nasema polepole kama niko kanisani.

Jumapili moja mwezi wa tano alituonyesha filamu isiyo na ngumi wala dansi. Ilikuwa habari ya mwandishi wa riwaya na mke wake, wanaoishi katika chumba kimoja cha kupanga. Mwanamume anaandika kitabu, anakituma, kinarudishwa. Anaandika tena, kinarudishwa tena. Mke ni mshonaji, na cherehani yake ndiyo inayowalisha wote wawili, lakini mume anamfokea kwamba kelele za cherehani zinamharibia kazi. Mwanamke akaenda mpaka mlangoni. Tulidhani anaondoka moja kwa moja. Kisha akageuka, na Papa Adalbert akashusha sauti mpaka ukumbi mzima ukainama mbele.

"Wewe andika," akasema kwa sauti ya yule mke. "Mimi sikusoma sana, lakini nikiwa jikoni ninasikia kalamu yako. Ninajua ikikimbia, na ninajua ikidanganya. Leo ilikimbia. Usiiache."

Halafu mwanamke akaweka mezani mikono yake inayonuka sambaza, wale dagaa wa ziwani kwetu, na mume akalia. Hivyo ndivyo Papa Adalbert alivyotuambia. Ange alilia waziwazi bila kujificha. Mimi nilirudi nyumbani nikiyarudia maneno yale njia nzima, na nyama za mwili zilinisisimka.

Juma lililofuata Mwalimu Domitille, aliyetufundisha darasa la sita, alitupa kazi ya kutunga hadithi. Itakayoshinda itasomwa siku ya proklamasyo, ile siku ya mwisho wa mwaka ambapo wazazi hujaa uwanjani kusikia nani amefaulu na nani atarudia darasa. Nilitaka kushinda kuliko kitu chochote. Papa yangu ni karani mjini, na kila mwaka alikuja proklamasyo amevaa tai, akasikia jina langu katikati ya orodha, akapiga makofi kwa adabu tu.

Siku tatu nilikaa na karatasi tupu. Kila nilichoanza kilikuwa kibovu, nikakichana. Siku ya nne nikaandika: "Palikuwa na mwandishi na mke wake katika chumba kimoja." Mkono ukaenda wenyewe mpaka mwisho. Nikajituliza kwamba India ni mbali mno. Nani atapanda ndege aje Goma kudai hadithi yake?

Ange aliisoma akanikodolea macho. "Nshobole! Hii si ile filamu ya Papa Adalbert?"

"Nyamaza basi. Mwalimu hajaiona."

Mwalimu Domitille aliisoma mara mbili mezani pake. Aliponiita, macho yake yalikuwa mekundu kidogo. "Mshonaji huyu, mbona mikono yake inanuka sambaza?"

Sikuwa nimefikiria hilo hata kidogo. Niliandika nilivyosikia tu. "Ndivyo nilivyomwona, Mwalimu."

"Na maneno haya ya kalamu, umeyatoa wapi?"

"Kichwani mwangu, Mwalimu."

Alitikisa kichwa kwa mshangao, akaniambia nimeshinda. Jioni ile papa alipita nyumba kwa nyumba akitangaza habari hiyo. Mama alinishonea gauni la njano. Mimi sikuweza kumaliza ugali wangu.

Siku ya proklamasyo nilisimama mbele ya uwanja mzima. Papa alikuwa na tai yake, mama alikuwa pembeni yake. Mstari wa tatu, Mungu wangu, alikaa Papa Adalbert! Alikuja kwa ajili ya mjukuu wake Jeancy wa darasa la kwanza. Kando yake alikaa mke wake, Mama Philomène, muuza sambaza wa soko la Kituku, beseni lake tupu miguuni. Jumapili ilikuwa siku yake kubwa ya soko, kwa hiyo hakuwa amewahi kuingia ukumbini kwa mume wake.

Nilianza kusoma. Papa Adalbert aliinua kichwa kwenye sentensi ya kwanza, kisha akakiinamisha. Nilipofika "ninajua ikikimbia, na ninajua ikidanganya," Mama Philomène akasimama.

"Mutoto, ngoja kwanza," akasema. Hakufoka. "Hayo maneno ni yangu. Niliyasema mara moja tu maishani mwangu, nyumbani kwangu, tulikuwa watu wawili. Wewe uliyapata wapi?"

Watu wote waligeuka kunitazama. Mwalimu Domitille alinitazama pia, na niliona kwamba alikuwa tayari kunitetea. Ningesema tena "kichwani mwangu," angeniamini. Mama Philomène ndiye angeonekana mwongo mbele ya watu, palepale, juu ya maneno yake mwenyewe. Hilo sikuliweza.

"Si yangu, mama," nikasema. "Niliyasikia kwenye filamu ya Kihindi kwa Papa Adalbert. Hadithi yote niliichukua huko. Nilimdanganya Mwalimu."

Minong'ono ikaanza. Sikuthubutu kumtazama papa.

"Filamu gani?" Mama Philomène akauliza. "Mwanamke wa India alikuja lini jikoni kwangu?"

Watu wakacheka, lakini Papa Adalbert hakucheka. Aliinuka polepole, akavuta sweta lake, akakohoa.

"Mutoto amesema ukweli, basi na mimi niseme wangu. Sijui Kihindi. Hata neno la kuomba maji sijui."

Aka! Uwanja ulilipuka. Mzee mmoja alipiga kelele kwamba arudishiwe miaka yake yote ya kutazama filamu.

"Ninatazama nyuso za watu, ninakisia," Papa Adalbert akaendelea. "Filamu ile ilinishinda, watu wanaongea tu, wanaongea tu. Nikamwona yule mama amesimama mlangoni, anamtazama mume wake akiandika. Mdomo wangu ukasema mambo ya nyumbani kwangu. Tulikuwa tumeoana mwaka mmoja, huko Bukavu. Mimi nilikuwa naandika riwaya katika madaftari ya shule, na Philomène alitulisha kwa sambaza. Kitabu kilirudishwa mara nne. Nilimfokea yeye, kama vile yeye ndiye aliyekirudisha. Akaniambia maneno hayo."

Akamgeukia mke wake. "Siku ile sikukujibu, mama. Niliona haya. Miaka thelathini na moja imepita na sijakujibu bado. Asante. Nilikusikia."

Mimi niliganda na karatasi yangu mkononi. Nilikuwa nimemstaajabia mtu kwa kujua Kihindi, kumbe hakijui, na sasa nilimstaajabia zaidi. Na Mama Philomène! Nilimpita mara mia pale Kituku, nikashika pua kwa sababu ya samaki, na ndiye aliyesema maneno yaliyoliza ukumbi mzima. Nilijiona mdogo sana mbele yao.

Mama Philomène alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Muzee huyu," akasema, "miaka thelathini na moja ananyamaza, halafu ananijibu mbele ya shule nzima na mimi nanuka samaki!" Watu wakapiga vigelegele. Yeye akakaa, akamshika mume wake mkono, hakuuachia tena.

Alama zangu za hadithi zilifutwa, na Ange ndiye aliyeitwa kusoma ya kwake. Papa hakunigombeza njiani. Alivua tai tu, akaikunja, akaitia mfukoni, na hilo liliniuma kuliko fimbo. Siku ileile nilikwenda kuomba radhi, kwanza kwa wale wazee wawili, kisha kwa Mwalimu. Mama Philomène alinikalisha, akanipa chai. "Ulisoma vizuri," akasema. "Lakini kwenu hakuna watu? Mama yako hajawahi kusema neno la kuandikwa?"

Likizo yote niliketi jikoni na mama yangu, nikimsikiliza. Niliandika kurasa tatu, nikazipeleka kwa Mwalimu Domitille nyumbani kwake. Alizisoma, kalamu nyekundu mkononi, nami nikasimama mlangoni nikingoja.

"Nshobole," akasema, "uliponiletea hadithi ya mtu mwingine, nilikusifu tu. Sikuwa na kitu cha kukufundisha, kwa sababu kosa hata moja halikuwa lako. Uongo ule ulikunyima mwalimu. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mwalimu."

"Hii hapa ina makosa tele, na yote ni yako." Akanivutia kiti karibu na chake. "Kaa chini basi, tuanze kazi."