Mbelgiji Kwenye Kiti cha Marehemu

Jumatano ile nilitoka kununua maharage na unga wa muhogo. Duka ni la Mwiraki mmoja pale Fairfield, karibu na stesheni ya treni. Ilikuwa Juni, na Juni ya Sydney ni baridi ya kijinga: saa kumi na moja jioni giza limeshaingia na wewe hujafanya lolote la maana.

Nilikuwa na hasira tangu asubuhi. Hasira yenyewe ilikuwa na jina.

Verhaegen.

Huyo ni mpelelezi wa polisi, Mbelgiji aliyehamia huku akiwa kijana. Wabelgiji walimlimisha baba yangu barabara kwa viboko kule Burundi nikiwa mtoto. Sikutegemea mmoja wao angekuja kunikalia sebuleni uzeeni, aniulize mwanangu alikufaje.

Mwanangu ni Ephraim. Alikuwa dereva wa lori la makontena pale Port Botany. Mwaka jana, jioni moja, aliegesha lori akisubiri zamu ya kupakia, akaenda kwenye mawe pale madereva wanapovulia samaki. Hakurudi. Maji yalimtoa siku ya tatu. Polisi wote walisema aliteleza. Wote, isipokuwa huyo mmoja.

Yeye alisema Ephraim alisukumwa. Na aliyemsukuma, alisema, ni mkewe, Nella.

Mwaka mzima alikuja. Mwanzoni mara moja kwa wiki, halafu kila jioni. Alimwuliza Nella swali moja kwa njia kumi. Mjukuu wangu Darlène, binti yao, alitafsiri mpaka akachoka, akawa anajibu mwenyewe bila kuniuliza. Wakubwa wa Verhaegen walimwambia afunge faili, akakataa. Mkewe akamkimbia. Alikonda. Kwenye gari lake alibandika picha ya Ephraim mahali watu hubandika picha ya mtoto. Darlène alituambia kwamba amemwona Port Botany, ndani ya koti la kazi la marehemu, lile la kung'aa walilolichukua kama ushahidi, amesimama juu ya mawe anahesabu hatua. Nikasema mwacheni, Mzungu akikosa shamba hulima kichwa chake.

Lakini Jumatatu ile alikuja na jambo jipya. Kuna mtu aliyeona gari dogo jeupe karibu na mawe jioni ile. Gari la Nella ni dogo na ni jeupe. Akamwambia Ijumaa atarudi na karatasi ya kumchukua.

Nella hakulia. Alikwenda kazini kwake kwenye nyumba ya wazee kama kawaida, akaosha vikongwe vya watu, akarudi akaniosha miguu mimi. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yetu ya kuondoa matanga, mwaka umetimia, avue nguo nyeusi. Sasa Ijumaa wanamchukua. Basi nilikuwa natembea na maharage yangu huku nawatukana Wabelgiji wote, mmoja mmoja.

Na kuna jambo sikumwambia mtu. Kosa lilikuwa langu.

Kwetu, siku ya kumaliza kilio, siku chache baada ya maziko, kiti cha marehemu huachwa wazi. Mbele yake pombe ya mtama, na mrija wake ndani ya chungu. Hakuna wa kukaa pale, hakuna wa kuugusa ule mrija mpaka mwaka uishe na mzee wa nyumba amwage pombe chini na kumwambia marehemu aende. Sasa siku ile, mwaka jana, nyumba ilijaa watu wa kanisa, na huyu Verhaegen amesimama mlangoni na kidaftari, anamkodolea Nella macho. Nilichoka kumwona. Nikamwambia Darlène, mwambie yule nguzo akae, nikaonyesha kwa kidevu bila kuangalia.

Kiti kilichobaki kilikuwa kimoja.

Akakaa. Tena kwa heshima, maskini, akainama akavuta mrija mara mbili. Wanawake wote wakanyamaza. Mchungaji akacheka, akasema hayo mambo tuliyaacha ng'ambo. Mimi nami nikajituliza. Ephraim wangu hajui Kibelgiji, atamfanyia nini huyu?

Ndiyo ujinga wangu huo.

Basi nikafika nyumbani. Tunakaa fleti ya ghorofa ya pili, huku wanaiita yuniti. Darlène alikuwa kwenye mpira wa kikapu, Nella kazini mpaka saa mbili. Nikafungua mlango kwa ufunguo wangu. Ulikuwa umefungwa mara mbili, kama nilivyouacha.

Ndani, giza.

Na harufu... Dizeli. Dizeli na maji ya chumvi yaliyokaa siku nyingi.

Nikawasha taa ya jikoni. Mlangoni kulikuwa na viatu vikubwa vya kiume, vimepangwa, visigino vimeelekea ukutani. Nikatazama sebuleni. Verhaegen amekaa kwenye kiti cha Ephraim, soksi miguuni, mikono juu ya magoti.

"Umechelewa," akasema.

Nikamwambia mimi si mke wake. Nikamwuliza nani kamfungulia. Nikamwambia Nella hayupo. Akasema anajua, yuko shifti, atarudi saa mbili. Nikasema kama unajua basi ondoka, urudi na karatasi yako Ijumaa. Nikaona siwezi kumbeba kumtoa, nikakaa mezani nikaanza kuchagua maharage, maana mimi sikai bure kwa sababu ya polisi.

Akasema haya maharage ni ya zamani, niyaloweke mpaka asubuhi. Nikamwambia asinifundishe kupika. Akasema yale ya kambini yalikuwa na mawe zaidi, siku moja yalimvunja jino. Nikamwambia jino lile lilikuwa bovu tayari, kwa miwa ya kuiba.

Nikasikia nilichokisema.

Mkono wangu ukasimama juu ya sinia.

Mimi sina Kiingereza cha zaidi ya "asante" na "daktari". Na mtu huyu, mwaka mzima, hakuwahi kusema neno moja la Kiswahili.

Tulikuwa tunaongea Kiswahili. Kiswahili chetu cha Kasulu, cha kambi ya wakimbizi, chenye Kirundi ndani yake.

Tone moja la maji likaanguka sakafuni. Halafu jingine. Koti lake lilikuwa kavu, nililiona kavu. Maji yalikuwa yanatoka ndani ya mikono ya koti.

Nikanong'ona, "Ephraim?"

"Mama, nina baridi."

Watu watakuambia mama akimsikia mwanawe aliyekufa huanguka akalia. Mimi nilipandwa na hasira. Nikamwambia mwaka mzima unanifanyia hivi. Mwaka mzima unakuja hapa ndani ya Mzungu, unakunywa chai yangu, unamtesa mkeo, mtoto wako hasomi kwa mawazo. Hukuwa na adabu ulipokuwa hai, na maji nayo hayakukufundisha.

Akacheka. Kile kicheko cha puani, cha Ephraim, kwenye uso wa mtu mwenye macho ya bluu.

Nikamwuliza anataka nini.

"Huyu akifunga faili hatakuja tena," akasema. "Asipokuja, mimi nitafikaje nyumbani?"

Hapo nikaelewa. Mtu mzima amekonda, ameachwa na mke, halali, anahesabu hatua juu ya mawe, akidhani ni akili yake inayomtuma. Kumbe ni mwanangu anayemwendesha kama lori. Kila jioni anampandisha ngazi zetu. Na faili likichoka, analitilia mafuta.

"Kwa hiyo hakuna aliyekusukuma," nikasema. "Unamponza Nella bure, ili upate pa kukaa."

Maji yalikuwa yameshafika kwenye miguu ya meza.

"Sikusema hakuna."

...

"Nikuambie, mama? Nikuambie nani alikuwa na mimi pale kwenye mawe?"

Sasa nitasema ukweli, atakayenihukumu anihukumu.

Nilitaka kujua. Mwaka mzima swali hilo lililala na mimi kitandani. Lakini nilimtazama yule kwenye kiti, nikafikiri. Mimi nina sukari na miguu mibovu. Maiti haimpeleki mtu hospitali. Maiti haimlipi mtoto nauli ya shule, haimkumbushi bibi dawa. Anayefanya hayo ni mmoja, na Ijumaa wanamchukua. Akisema si Nella, nani atamwamini ajuza? Na akisema ni Nella... nitakula wapi? Nitamtazama vipi Darlène?

Neno likishaingia sikioni halitoki.

Nikasimama. Pombe ya Jumamosi ilikuwa bafuni, kwenye ndoo, chini ya blanketi, tangu Jumapili. Nikachota kikombe. Niliporudi alikuwa amesimama, na kwa mara ya kwanza niliona anaogopa.

"Mama, bado siku tatu."

Nikasema najua kuhesabu.

"Mama, usinifukuze. Nisikilize. Jina lake ni—"

Nikapaza sauti juu ya sauti yake. Nilisema maneno yale yote, ya mzee wa nyumba, bila shahidi, jikoni juu ya vigae. Ephraim mwana wa Bigirimana, tumekulilia, tumekulisha, njia ni ile pale. Nenda, usigeuke. Tumekuacha, nawe utuache. Yeye naye alikuwa anasema, midomo inakwenda, anasema jambo lilelile tena na tena, na mimi nikazidi kupaza ili nisisikie. Nikamwaga.

Harufu ya dizeli ikakatika kama mtu amefunga mlango.

Verhaegen akaanguka magotini. Aliporudi kwenye akili zake alisema Kiingereza, na nilishika neno moja tu, la kuomba radhi. Akalia, mtu mkubwa vile. Akatazama soksi zake, akatazama maji sakafuni, akatoka bila viatu. Nilisikia miguu yake ikishuka ngazi, taratibu, kama ya mgonjwa anayejifunza kutembea.

Nikapiga deki. Viatu nikavitupa kwenye pipa la chini.

Nella aliporudi nilimwambia Mbelgiji alikuja akaondoka. Basi. Sikuongeza neno, kwake wala kwa mtu mwingine yeyote.

Ijumaa hakuna aliyekuja. Tulikaa watatu tunautazama mlango mpaka usiku. Jumamosi tuliondoa matanga. Watu walikula, walikunywa, na mimi nilisema yale maneno mara ya pili, kinywa kikavu, namwambia aende mtu aliyekwisha kwenda. Nella alivua nguo nyeusi akavaa gauni la njano. Jumanne ikafika barua, Darlène akaisoma: ni ajali, faili limefungwa. Tulisikia Verhaegen ameacha kazi na amerudi kwao Ubelgiji kwa dada yake. Nilimwonea huruma kidogo. Si sana.

Jioni ile ya barua tulibaki jikoni, mimi na Nella. Mimi naosha vyombo, yeye anafuta. Alikuwa ametulia kuliko nilivyomwona mwaka mzima. Akafuta sahani moja kwa muda mrefu, mbele na nyuma. Halafu akasema, bila kunitazama:

"Asante, mama."

Nikamwuliza, asante ya nini.

Aliiweka ile sahani kabatini, akachukua nyingine.

Sasa imepita miezi mitatu. Bado ananiosha miguu, bado ananikumbusha dawa. Hana kosa hata moja, na hilo ndilo linalonikera. Chakula anachopika ni kitamu kama zamani. Anapakua, anakaa, ananitazama, ananiambia mama karibu.

Nami nakula. Ila siku hizi nangoja aanze yeye.