Msichana wa Kitanda cha Tisa

Naapa kwamba kila neno hapa ni kweli tupu. Nikikutwa nimedanganya hata mara moja, redio yangu ya mbao iende kwa atakayenikamata. Wanaonijua wanajua kwamba bila redio ile mimi si mtu.

Kila asubuhi mjukuu wangu, tunayemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haupumziki, hunywa chai huku redio ikibishana. Miezi ile ubishi ulikuwa mmoja tu: bima ya afya. Wengine walitaka serikali ianzishe mfuko mmoja wa wananchi wote. Wengine walisema kampuni binafsi ziachwe, maana serikali itatuchelewesha. Mimi nilikuwa upande wa kampuni. Mama yake Chiriku, binti yangu, alipewa kadi za kampuni kazini kwake, nami nilizisifu kwa jirani yetu fundi viatu mpaka masikio yakamchoka.

"Kadi nzuri, mzee," alikuwa akisema huku akigonga soli. "Lakini mimi nani ataniajiri anipe? Naingoja ya serikali."

"Utangoja mpaka meno yaote upya."

Kadi ya Chiriku ilikaa kwenye droo ya kabati. Wakati ule kadi za watoto hazikuwa na picha. Sasa sikilizeni vizuri: mwaka uliotangulia kadi ile ilitoka yenyewe kwenye droo, ikakaa siku nne huko ilikokwenda, kisha ikarudi. Ilirudi inanuka dawa.

Asubuhi moja Chiriku hakusema neno, na hapo tu nikajua anaumwa. Alikuwa amejikunja, ameshika tumbo upande wa kulia, chini. Mama yake alikwisha kwenda kazini, nikampeleka hospitali mwenyewe.

Dada wa mapokezi aliiangalia kadi, akaitazama kompyuta, akatabasamu. "Karibu tena, mdogo wangu."

"Sijawahi kuja hapa," Chiriku akasema.

"Umesahau. Ulilazwa siku nne."

Chiriku alinitazama. Mimi nikatazama dari.

Muuguzi akatuongoza wodini. "Kitanda chako kilekile," akasema. "Cha tisa."

Chiriku alipolaza kichwa, macho yake yaliangukia ukutani, chini kabisa, karibu na mto. Palikuwa na maandishi ya penseli. Lilikuwa jina lake lote, mara saba. La kwanza lilipinda, la saba lilinyooka, kama mtu anayejifunza.

"Babu, huu si mwandiko wangu. Nani alikuwa anajifunza kuwa mimi?"

Bomba la sinki lilidondosha tone, kisha jingine.

Daktari aliingia akisoma faili. "Kidole tumbo kilitolewa mwaka jana, kwa hiyo si hicho. Huenda ni minyoo. Tutampa dawa arudi nyumbani." Kisha akambonyeza tumbo, na Chiriku akatoa mguno ambao sijausahau. Daktari akainamia pale pa maumivu. Akapatazama, akatazama faili, akapatazama tena. Ngozi ilikuwa nzima, haina hata mkwaruzo.

"Kovu liko wapi?" akauliza taratibu.

Akalifunua faili upya.

"Dalili zote ni za kidole tumbo. Lakini faili linasema hana. Linasema pia kwamba dawa yetu ya usingizi nusura imuue. Kama ni yeye, inabidi apelekwe hospitali kubwa, mwendo wa saa tatu, na kinaweza kupasuka njiani." Akaligonga faili kwa kidole. "Humu ndani kuna watoto wawili, mzee. Huyu ni yupi?"

"Babu," Chiriku akaniita, kwa sauti kama ya mtu aliye chumba cha pili. "Kadi yangu ilikwenda wapi?"

"Kwa binti wa fundi viatu," nikasema. "Baba yake alimleta mlangoni kwangu, ameshindwa hata kusimama. Nilimwambia aitikie jina lako. Nilimfundisha mwenyewe kuliandika."

Daktari hakupoteza muda. Saa moja haikuisha, Chiriku alikuwa chumba cha upasuaji, na kidole tumbo kilitolewa kikiwa karibu kupasuka.

Kesho yake daktari alituita mimi na fundi viatu.

"Kumhurumia mtoto si kosa," alisema. "Kosa ni uongo. Mngesema hali yake ni mbaya na hana bima, tungempokea kwa jina lake, malipo tukayazungumza baadaye. Faili ni mwili wa mtu ulioandikwa. Ukiazimisha kadi, unachanganya miili. Huko redioni wabishane wanavyotaka. Mfuko uwe wa serikali au wa kampuni, kila mtoto anastahili kadi yenye jina lake, na kila kadi inadai ukweli."

Fundi viatu akanigeukia. "Leo uko upande gani, mzee?"

"Ule utakaompa binti yako kadi."

Kampuni iliidai gharama ya kumtibu binti wa fundi, na mpaka leo inakatwa kwenye pensheni yangu kila mwezi. Nilidhani nimemaliza kulipa. Lakini Chiriku alipona, mdomo ukarudi kazini, akasoma kurasa hizi kabla wino haujakauka. Kidole chake kikasimama kwenye ile droo.

"Babu, kadi ina miguu?"

"Ile ilikuwa namna ya kusimulia tu."

"Uliapa."

Nikachomoa waya wa redio, nikamkabidhi. Siku hizi nasikiliza mjadala nimesimama nje ya mlango wake, na anapunguza sauti makusudi.