Pumzi za Twalha

Asubuhi ambazo maji yalikuwa yamekupwa, Warda na mdogo wake Twalha walivua viatu, wakavishika mkononi na kukata tope la kijito kwenda shuleni. Warda alikuwa na miaka kumi na miwili, Twalha minane. Njia ilikuwa fupi, lakini Twalha hakuimaliza bila kupumzika. Alichuchumaa, magoti kifuani, akahema, kisha akainuka akicheka kana kwamba alikuwa akitafuta kaa.

Warda hakucheka. Kila alipomwona hivyo alimkumbuka dada yao Mashavu, aliyefariki Warda akiwa darasa la kwanza. Mashavu naye alikuwa akichuchumaa. Midomo yake iligeuka rangi ya zambarau. Adhuhuri moja alikuwa akianika kamba wabichi uani, akaanguka, asiinuke tena. Watu wa Kiongoroni, kijiji chao, walisema amepitiwa na kinyamkera, shetani anayetembea na kisulisuli. Tangu siku ile mama yao, Hadija, hakulitaja jina la Mashavu, na hakuna aliyeanika kitu katika pembe ile ya ua. Majani yaliota pale. Warda akipita karibu alihisi baridi mgongoni, hata jua likiwa la utosi.

Siku moja wakati wa mapumziko, Twalha aliukimbiza mpira, akaanguka nyuma ya darasa. Warda alimkuta peke yake, amezimia, kucha na midomo vimekuwa vya zambarau. Akaweka sikio kifuani pake. Moyo ulikuwa ukidunda, lakini katikati ya mapigo kulikuwa na sauti nyingine, fyuu, fyuu, kama mtu anayepuliza kupitia ufa wa mlango. Warda aliondoa sikio haraka.

Twalha alipozinduka alimshika mkono. "Usimwambie mama, dada. Ataniachisha shule. Niapie!"

Warda akaapa.

Kiapo kile hakikumpa raha. Wakati wa kula aliitazama midomo ya mdogo wake badala ya chakula. Akimwita asiitike mara moja, alikimbia kumtafuta. Mara nyingine, akifagia, alihisi kuna mtu amekaa kwenye pembe ya ua. Akigeuka, aliona majani tu.

Kisha Ijumaa moja, mama alimtuma Twalha akaanue kamba waliokauka. Warda alipotoka jikoni aliona mtoto amechuchumaa katika pembe ile ile, amempa kisogo, hatikisiki. Kwa muda hakujua ni yupi kati ya ndugu zake wawili.

"Mama!" alipiga kelele. "Mama, njoo!"

Hadija alitoka mbio, na bibi yao, Mwanabibi, nyuma yake.

"Twalha anaumwa, mama. Alianguka shuleni, nikamwapia nisiseme. Kifua chake kinalia!"

"Kinyamkera amerudi," bibi alisema. "Aitwe fundi wa kupunga mashetani upesi."

Hadija alimbeba mwanawe. "Mara ya kwanza tulimwita fundi, mama. Leo nakwenda zahanati."

Tabibu wa zahanati, Devotha, alimsikiliza Twalha kifuani kwa muda mrefu, akatazama ncha za vidole vyake zilizovimba.

"Nyumbani kuna mwingine aliyewahi kuwa hivi?"

Hadija alimkumbatia Twalha, akasema, "Mashavu."

Devotha alikunja ngumi, akawaonyesha. "Moyo una vyumba vinne. Vya kulia hupokea damu iliyoishiwa hewa na kuipeleka mapafuni. Vya kushoto huipokea ikiwa safi, vikaisambaza mwilini. Kati ya pande hizo kuna ukuta. Tena kuna vali, milango midogo inayozuia damu isirudi ilikotoka. Baadhi ya watoto huzaliwa ukuta una tundu, na njia ya kwenda mapafuni imebana. Nadhani Twalha ni mmoja wao. Damu chafu huchanganyika na safi, midomo ikabadilika rangi. Akichuchumaa, damu nyingi zaidi hupita mapafuni, naye hupata nafuu. Sauti ile ni damu ikipenya mahali pembamba."

"Si shetani?" Warda aliuliza.

"Si shetani. Wala si kosa la mama yenu."

"Na Mashavu?" Hadija aliuliza. "Angepona?"

Devotha akasema, "Sikumpima, dada. Siwezi kukudanganya. Huenda alikuwa na ugonjwa huu huu."

Hadija alilia pale pale, bila kujificha.

Kwa barua ya rufaa ya Devotha, walipanda boti hadi Nyamisati, wakapitia Kibiti, wakafika hospitali kubwa Dar es Salaam. Picha ya moyo ilithibitisha maneno ya Devotha. Madaktari wakampasua Twalha, wakaziba tundu kwa kiraka na kuipanua njia iliyobana. Alirudi Kiongoroni na kovu refu kifuani, midomo ina rangi yake, akitakiwa kurudi kupimwa mara kwa mara.

"Mama," Warda alisema siku moja, "nilivunja kiapo."

"Ulivunja, na mdogo wako yu hai. Siri inayoficha ugonjwa haitunzwi, mwanangu. Mtoto akichoka kuliko wenzake, akibadilika rangi, akizimia, mwambie mtu mzima. Na mtu mzima naye amfikishe hospitali. Sisi tulichelewa mara moja."

Kisha akajifunga kanga, akatoka. Alikuwa amesikia kwamba mtoto mchanga wa jirani yao Mwinjuma anahema na kutokwa jasho kila anaponyonya, na hakutaka siku iishe kabla hajawaambia wampeleke kwa Devotha.