Mkono wa Tobia na Mechi ya Kenya

"Nyamazeni, wanasoma majina," alisema Mzee Kornelio, akaongeza sauti ya redio.

Sebule yake pale Kwai ilikuwa imejaa mpaka mlangoni. Yeye ndiye balozi wa nyumba kumi na ndiye mwenye redio, kwa hiyo jioni ile majirani walikuja kusikiliza habari za kriketi, mchezo ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuona. Walikuja kwa ajili ya Tobia, mchumba wa binti yake Jenoveva. Tobia angeichezea Tanzania dhidi ya Kenya. Ndivyo mshenga wake, Mzee Sefania, alivyosema siku ya kupeleka posa, na habari ikafika Soni kabla mshenga mwenyewe hajafika kwake.

Mtangazaji alieleza kwamba kutakuwa na mechi tatu, ya kwanza Tanga, ya pili Mombasa na ya mwisho Dar es Salaam. Kenya wanakuja na timu ileile iliyotutandika mwaka jana, na bado wanaye yule mrushaji mrefu anayetoka mbio mbali na kuachia mpira kwa kasi ambayo wapigaji wetu hawakuiweza. Lakini safari hii, alisema, Tanzania ina vijana wapya wenye subira, na tunaanzia nyumbani. Kisha akasoma majina ya wachezaji wetu, moja moja, mpaka la mwisho. Ukaanza muziki.

Tobia alikuwa amewekwa karibu na redio, mahali pa heshima. Alitamani ardhi ipasuke. Mzee Kornelio alizima redio, akasema betri zimechoka, huenda kuna jina lilipita bila kusikika. Majirani waliitikia kwa adabu, wakaaga, wakatoka. Jenoveva alimwita Tobia nyuma ya jiko.

"Unacheza au huchezi?"

"Sichezi."

"Umewahi kucheza?"

"Hapana. Mimi ni mtunza uwanja. Nakata nyasi, navuta roli la chuma la kushindilia ardhi wanapochezea."

"Kwa hiyo Mzee Sefania alitudanganya."

"Nilimwambia niko uwanjani na timu ya taifa. Mengine aliyaongeza mwenyewe."

"Na ulipojua ameongeza?"

"Watu walianza kunipa mkono njiani. Niliona raha, Jeni."

"Mimi ningekuchukua na roli lako hivyohivyo," alisema Jenoveva, na sauti ikamkatika. "Sasa nimeshawaambia wanakwaya wote. Nitaimba na uso gani?"

Mzee Kornelio alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Mkononi alishika kipande cha shuka jeupe alichokichana muda uleule.

"Umeteguka mkono mazoezini," alimwambia Tobia. "Ndiyo maana hawakukusoma. Lete mkono wa kulia."

"Baba, huo ni uongo mwingine," alisema Jenoveva.

"Kila wiki nawaambia watu hawa wasijisingizie homa siku ya kulima shamba la ujamaa. Leo niwaambie mkwe wangu alijisingizia timu ya taifa? Lete mkono."

Tobia akautoa. Wakati Mzee Kornelio anakaza fundo, Jenoveva aligeuka, akatazama pembeni. Alikuwa anampenda mwanamume huyu, na hakuweza kumwangalia.

Jumapili, baada ya misa, watu walimzunguka Tobia uani mwa kanisa. Kila mmoja alikuwa na pole yake. Bibi Secilia, ambaye anatembea kwa shida, alikuwa amembebea mayai.

"Onga makeo, mwanangu," alimsalimu kwa Kisambaa. "Kula upate nguvu, ukawapige Wakenya."

Tobia aliyapokea kwa mkono wa kushoto, akaomba radhi kwa kutumia kushoto. Jenoveva aliyasikia yote hayo akiwa na wanakwaya wenzake, masikio yakimwaka moto.

Wanaume nao walitaka kujua: bila yeye, Kenya tutawaweza? Mwanzoni Tobia alijibu kwa mkato. Lakini mchezo ule alikuwa anaupenda kweli, maskini, na hakuna aliyewahi kumwuliza. Akaeleza kwamba tukivumilia asubuhi, yule mrefu atachoka jua likipanda. Akaeleza jinsi wapigaji wetu wanavyoharakisha mikimbio ya kutafuta pointi. Mtu mmoja akauliza, huyo mrefu anarushaje hasa?

Tobia aliweka mayai chini, akachukua kiazi kwenye kapu la sadaka, akarudi nyuma, akatoka mbio. Mkono wa kulia, bandeji na vyote, ukazunguka juu ya bega lake duara zima. Kiazi kikapiga ukuta wa kanisa.

Watu walitazama kiazi, kisha wakautazama mkono.

"Mbona mkono mzima kabisa," alisema Bibi Secilia, bila ubaya wowote. Afadhali angetukana.

Tobia alifungua bandeji. Alisema hajateguka, hajawahi kuwa mchezaji, kazi yake ni kukata nyasi za uwanja. Aliwaomba wote msamaha, na Bibi Secilia alimwomba kwa kumtaja jina.

"Na hiyo bandeji nani alikufunga?" sauti ikauliza.

"Nilijifunga mwenyewe."

Jenoveva alimtazama baba yake. Mzee alikuwa anaangalia viatu. Neno lilimfika Jenoveva mdomoni, akalizuia, akangoja. Aliogopa kwamba atangoja bure.

"Si kweli," alisema Mzee Kornelio hatimaye. "Nilimfunga mimi, na nilijua hachezi. Niliona aibu kupata mkwe mkata nyasi. Mimi, ninayewahubirieni kazi."

Msidhani walipigiwa makofi. Watu walitawanyika, na wengine vicheko viliwatoka hata hawajafika barabarani. Tobia alimrudishia Bibi Secilia mayai yake, naye akayapokea.

Kesho yake Jenoveva alimsindikiza Tobia kupanda basi la kurudi Tanga, maana uwanja ulikuwa unamngoja. Njiani walikutana na vijana wawili wakirusha mawe huku wakizungusha mikono juu ya bega. Walipita wameinamisha vichwa.

"Baba anasema mechi zikiisha uje na wazee wako," alisema Jenoveva. "Mzee Sefania abaki nyumbani."

"Na wewe unasemaje?"

"Jana, uliposema ulijifunga mwenyewe, huo ndio uongo wako pekee ambao sikuuona vibaya."

"Watatucheka, Jeni."

"Watanicheka mimi. Wewe unapanda basi."

"Basi niache. Ukiniacha wataona ulidanganywa tu, watakuonea huruma. Yataisha haraka."

Basi lilikuwa linakuja, limeshaonekana kwenye kona. Jenoveva alimpa mzigo wake, na kwa mara ya kwanza tangu usiku ule wa redio akamtazama usoni.

"Aibu ninayo, Tobia, sitakuficha, na nitakuwa nayo muda mrefu," alisema. "Lakini nitakuwa nayo nikiwa kwako."