Leso Iliyopita Langoni

Walikutana sokoni Runyenjes, Ednah alipojikwaa kwenye gunia la parachichi lililokuwa likishushwa kutoka kwa boda boda. Alivaa gauni la samawati na barakoa mbili.

"Dada, unaficha nini huko ndani?" Muchangi, mwenye gunia, akamtania.

"Meno," alijibu, akaona haya papo hapo.

Kicheko kikazaa simu, simu zikazaa mapenzi. Ednah akamweleza kwamba mdogo wake, Kajuju, amepandikizwa seli za uboho wa mifupa zilizotolewa na Ednah mwenyewe. Kinga ya mtoto ilikuwa bado changa, na kila wiki damu ilipimwa kusaka virusi kabla homa haijajitokeza. Ndiyo maana walipanga nyumba mtaani Majimbo, karibu na hospitali, huku mama yao akibaki kijijini Nchiru na kibanda chake cha biashara.

Siku moja mamake Muchangi akaja kumwona mgonjwa bila kuarifu, kibuyu cha uji mkononi.

"Samahani mama, daktari amekataza wageni," Ednah alisema, lango limefungwa.

Mama akalitazama kufuli. Akavua leso begani, akaipitisha kwenye nondo za lango. "Basi mfunike mtoto."

Amkatae mama mkwe mara mbili? Hakuweza. Akamfunika Kajuju.

Jioni simu ikalia. "Umemfungia mamangu nje kama mwizi wa kuku!"

"Muchangi, sikiliza..."

Ikakatika.

Kisha asubuhi moja akamwona Muchangi langoni, uso umemsawijika.

"Usifungue, mpenzi. Mama ana mkanda wa jeshi. Malengelenge begani kote. Wanasema ni virusi vilevile vya tetekuwanga. Afadhali ulimfungia."

Ednah akageukia mlango wa nyumba. "Begani? Ile leso!"

Kajuju akaanzishiwa dawa siku hiyohiyo, damu ikachukuliwa. Tangu hapo Ednah aliikagua ngozi ya mtoto kila kulipokucha. Hata alama ya mbu ilimfanya ampigie daktari simu. Muchangi hakukosa langoni.

"Umekula, roho yangu?"

"Hakipiti."

"Jaribu kidogo. Niko hapa."

Damu ilipimwa, ikapimwa tena. Hatimaye daktari akapiga simu: muda wa hatari umepita, virusi havijaonekana. Ednah akaketi chini, akalia hadi barakoa ikalowa.

"Nikikuoa," Muchangi akauliza kupitia nondo, "utanifungia nje?"

"Ukipiga chafya tu."

Muchangi akaingiza vidole kati ya nondo. Ednah akainua mkono, akausitisha.

"Nawa kwanza, mume wangu."