Beringi Iliyolambwa

Grisi ilikuwa imelambwa. Nakiru hakupata neno lingine la kusema. Jana yake alikuwa ameijaza beringi, ule mviringo wa chuma unaozungusha mhimili wa kinu cha kusaga mifupa, kwa mkono wake mwenyewe, pale kichinjioni nje ya Isiolo, na asubuhi ilikuwa kavu, safi, inanuka pumzi ya mtu aliyefunga.

Aliajiriwa juzijuzi tu, mtoto wake Joy angali ananyonya, aweke utaratibu: kila mashine ipate grisi yake kwa wakati wake. Cha kwanza alichokataza ni mafuta ya nundu ya ngamia, ambayo Mzee Wato, mwendesha kinu, alikuwa akiyapaka kwenye beringi hiyo.

"Mama Joy," Wato alimnong'oneza, "hii kinu ilipoletwa niliipaka nundu, vile sisi hupaka kitu mpya. Kesho yake nikakuta imelambwa. Nikaona ni baraka, nikaendelea. Sasa imezoea. Usiinyime."

"Nani amezoea, mzee?"

Wato alikitazama kinu.

Nakiru akacheka, msomi wa watu. Akajaza grisi tena, ikalambwa tena, na kinu kikaanza kulia hata kikiwa kimezimwa, mchana kweupe, sauti nyembamba ya mtoto anayetafuta titi, na kila kilipolia matiti yake yaliuma, maziwa yakamlowesha nguo mbele ya wanaume, naye hakuweza kuyazuia.

Kisha yakakauka. Nyumbani, mtaa wa Kiwanjani, Joy alinyonya, akaachia, akalia. Maziwa ya ngamia aliyatapika, ya kopo pia. Mashavu yakabonyea. Nakiru aliogopa kumtazama usoni.

Sheikh aliyeitwa kutoka mtaa wa Wabera alisoma dua mbele ya kinu, akagusa beringi, akauondoa mkono haraka.

"Mpe alichozoea," alisema kwa sauti ya chini. "Kumtoa huyu aliyemo ndani, mimi siwezi."

Nakiru alipaka nundu kwa vidole vyake, akilia. "Nimekosa mimi. Niachie tu chakula cha mtoto wangu."

Asubuhi alirudi mbio, Joy mgongoni, mwepesi mno. Nundu ilikuwa pale pale, imejaa nzi. Chini yake beringi ilidondosha maziwa, meupe, ya vuguvugu.

"Imeonja kingine, maziwa yako," Wato alisema.

Mgongoni, Joy alisikia harufu. Akaanza kujinyonganyonga ashushwe, mdomo wazi, akikielekea kinu.